Uhuru iliruka Ngomeni, data ikatua kwingine

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 hivi. Jukwaa lilikuwa la Waitalia, chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Setilaiti ilikuwa ya NASA. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowapokea, ikaitwa Uhuru.

Kabla yake hakikuwahi kupelekwa angani chombo cha kuzunguka dunia kwa kazi hiyo moja tu: kupima eksirei zitokazo kwenye nyota. Miale hiyo haifiki ardhini kwa sababu hewa inaimeza yote. Wanasayansi walikuwa wakirusha roketi ndogo zinazochungulia juu ya hewa kwa dakika chache kisha zinaanguka. Uhuru ilikaa huko juu zaidi ya miaka miwili, ikijizungusha polepole na kulikagua anga lote. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja, Centaurus X-3, kilikutwa kikimweka kila baada ya sekunde 4.8, dalili ya nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya nyota mwenzake. Kingine, Cygnus X-1, kilibadilika haraka mno hivi kwamba hakikuweza kuwa kitu kikubwa. Wanafalaki wa Uingereza na Kanada wakaelekeza darubini zao za kawaida mahali hapo, wakaona nyota kubwa ikizungukana na kitu kizito kisichotoa mwanga. Hicho ndicho kilichokuja kukubalika kuwa shimo jeusi la kwanza kutambuliwa. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya kisayansi ya Uhuru, alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Ngomeni haikuchaguliwa kwa bahati. Kwenye ikweta ardhi huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari na kasi hiyo bila kuchoma mafuta ya ziada. La pili lilikuwa na uzito zaidi kwa kazi ile: setilaiti inayopita juu ya ikweta hukwepa sehemu za anga zilizojaa chembe zenye chaji ya umeme, ambazo huvuruga vipimo vya eksirei. Usafi wa data ya Uhuru ulitokana na mahali. Pwani ya Kenya ilichangia kitu ambacho fedha za Marekani na ufundi wa Italia havingeweza kukiunda kiwandani.

Data yenyewe ilichambuliwa Cambridge, katika jimbo la Massachusetts. Huko ndiko zilikoandikwa makala kuu za ugunduzi, huko ndiko vijana waliokuwa na shahada mpya walikojenga majina yao, na huko ndiko ilikozaliwa miradi iliyofuata. Kenya ilibaki na jina. Ni jina la heshima, na kila mwanafunzi wa pwani anastahili kulijua. Lakini jina halimfundishi mwanafunzi hisabati wala halimlipi mtafiti mshahara.

Jambo hilo linapaswa kusemwa sasa kwa sababu karne hii inajenga mitambo ya kutazama anga ambayo haijawahi kuonekana, na Afrika Mashariki inaelekea kukaa tena pale ilipokaa mwaka 1970: karibu na kazi, mbali na matunda yake.

Nchi nyingine iliyokuwa na kitu cha kutoa iliamua tofauti. Chile ina jangwa la Atacama, mahali pakavu na penye anga safi kuliko karibu kila sehemu ya dunia. Wazungu wa taasisi ya ESO walifika huko katika miaka ya 1960, na Wamarekani vilevile. Kwa miaka mingi Wachile nao walitoa milima na kupokea shukrani. Baadaye walisimama kidete. Kanuni iliyokubalika ni kwamba asilimia 10 ya muda wa kutumia darubini kubwa zilizo kwenye ardhi yao ni ya wanasayansi wa vyuo vya Chile. Sharti hilo moja lilifanya kazi ambayo hotuba elfu zisingeifanya. Muda wa darubini unapokuwapo, chuo kinalazimika kuajiri watu wa kuutumia. Walimu wakipatikana, wanafunzi huja. Wanafunzi wakihitimu, huanzisha mambo ambayo hakuna mgeni aliyeyapanga. Leo kundi la watafiti wa Chile liitwalo ALeRCE limeunda mfumo wa kompyuta unaopokea taarifa za vitu vinavyobadilika angani na kuvipanga kwa aina zake, na mfumo huo unatumiwa na wanafalaki wa mataifa mengine.

Kenya haikudai asilimia yoyote ya Uhuru, na si haki kuilaumu serikali changa ya miaka saba kwa kutodai. Lakini kituo cha Malindi, ambacho sasa kina jina la Broglio na kinasimamiwa na shirika la anga la Italia, bado kipo na bado kinapokea mawasiliano ya setilaiti. Makubaliano ambayo Kenya na Italia zilitia saini mwaka 2016 yana itifaki zinazohusu mafunzo na upatikanaji wa data. Hapo pana mlango. Itifaki huwa na thamani pale tu upande wa pili unapokuwa na mtu mwenye ujuzi, mwenye ofisi na mwenye mshahara, ambaye asubuhi ataiomba data hiyo na jioni atakuwa ameifanyia kazi.

Hii data ambayo watu wanaigombania ina sifa moja ambayo dhahabu na gesi havina. Kuitumia hakuipunguzi. Darubini ikishapiga picha ya kipande cha anga, picha ile inaweza kusomwa na watu mia kwa maswali mia, na mara nyingi swali lililo bora huulizwa na mtu ambaye hakuwapo ilipopigwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2007. Duncan Lorimer, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha West Virginia, alimpa mwanafunzi wake David Narkevic kazi ya kupekua data ya zamani iliyokusanywa na darubini ya redio ya Parkes, nchini Australia. Katika rekodi ya mwaka 2001 kijana yule akakuta mlipuko wa mawimbi ya redio uliodumu chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, mkali ajabu, na uliotoka mbali kupita kiasi. Ulikuwa umelala kwenye hifadhi miaka sita bila kuonwa na yeyote. Leo milipuko ya aina hiyo ni tawi zima la utafiti, na kuna darubini kadhaa zinazoisaka usiku na mchana. Ugunduzi ule haukuhitaji darubini mpya. Ulihitaji hifadhi iliyotunzwa, mwalimu mwenye swali na mwanafunzi mwenye subira.

Giacconi naye alilielewa hilo. Mwaka 1981 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi iliyoanzishwa Baltimore kusimamia sayansi ya darubini ya Hubble. Darubini hiyo, iliyorushwa mwaka 1990, ilijengewa hifadhi ambamo kila picha huingia. Mwanasayansi aliyeiomba hupewa muda wa kuitumia peke yake, na muda ukiisha hufunguliwa kwa kila binadamu mwenye intaneti. Kwa miaka mingi sasa, makala za kisayansi zinazotokana na hifadhi hiyo zimekuwa nyingi kuliko zile za walioomba picha wenyewe.

Wazungu wakaenda mbele zaidi kwa setilaiti ya Gaia, iliyorushwa Desemba 2013 na kuzimwa Machi 2025 baada ya kupima mahali na mwendo wa karibu nyota bilioni mbili. Kila toleo la data yake lilifunguliwa kwa dunia nzima saa ileile, hata kwa waliolitayarisha hapakuwa na muda wa kujifungia. Mwanafunzi wa Mbarara na profesa wa Heidelberg walipata orodha moja kwa wakati mmoja. Toleo la nne linatarajiwa Desemba 2026, na hakuna sababu ya kisheria wala ya kifedha ya kuzuia vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Kigali kulisubiri vikiwa vimejiandaa.

Lakini si kila mlango umeachwa wazi namna hiyo.

Kituo cha Vera Rubin, kilicho juu ya mlima Cerro Pachón huko Chile, kilionyesha picha zake za kwanza tarehe 23 Juni 2025. Kina kioo cha mita 8.4 na kamera ya pikseli milioni 3,200, kubwa kuliko kamera yoyote ya kidijitali iliyowahi kutengenezwa. Kwa miaka kumi kitapiga picha anga lote la kusini tena na tena, kila usiku wa kazi kikizalisha data ya terabaiti 20 hivi. Katika saa chache za majaribio tu kilikuta zaidi ya asteroidi 2,000 ambazo hazikujulikana. Taarifa za haraka, yaani zile zinazosema kitu fulani kimeng'aa, kimefifia au kimesogea, ni za wote. Lakini matoleo kamili ya data, yale ambayo ndani yake mna kazi ya miaka, yatabaki kwa miaka miwili mikononi mwa wanasayansi wa Marekani na Chile pamoja na wa nchi na taasisi zilizochangia. Wengine watasubiri.

Mashariki ya Afrika inaliona anga lilelile la kusini ambalo Rubin inalipiga picha. Nyota za Kilimia ambazo wakulima walizitazama kujua majira zinaonekana kutoka Chile na kutoka Iringa pia. Hata hivyo mtafiti wa Iringa hatakuwa na akaunti ya kuingilia, na siku hizi akaunti ndiyo kila kitu. Data imekuwa kubwa mno kupakuliwa. Mtafiti huingia kwa kivinjari cha kawaida, huandika programu yake, nayo hukimbizwa kwenye kompyuta zilizokaa na data. Hilo ni jambo jema kwa nchi zisizo na kompyuta kubwa, kwani anachohitaji mtu ni umeme usiokatika, intaneti ya kuaminika na ruhusa. Ruhusa hiyo haiuzwi kwa fedha taslimu pekee. Taasisi nyingi ziliipata kwa kuchangia kazi: programu, muda wa darubini ndogo, wataalamu. Afrika Mashariki ina vijana wanaoandika programu vizuri. Hakuna aliyewapanga waichangie kazi hiyo.

Mradi mkubwa zaidi uko barani humu. SKA ni mtandao wa darubini za redio unaojengwa katika nchi mbili. Australia ya Magharibi itakuwa na antena ndogo 131,072. Nyanda kame za Karoo, Afrika Kusini, zitakuwa na madishi 197, yakiwemo 64 ya darubini ya MeerKAT iliyozinduliwa Julai 2018. Ujenzi ulianza rasmi Desemba 2022, na mitambo ikikamilika itatoa mamia ya petabaiti za data kila mwaka. Tangu mwanzo, nchi nane nyingine za Afrika zilitajwa kuwa washirika: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Mpango ulikuwa kwamba katika awamu ya pili madishi yangesambazwa hadi huko.

Awamu ya pili haina fedha wala tarehe. Na katika shirika lenyewe la SKA, lililoanza kisheria mwaka 2021 kwa mkataba wa kimataifa, nchi ya Kiafrika iliyo mwanachama ni moja tu, Afrika Kusini. Muda wa darubini na haki za data vitafuata uanachama na mchango. Kenya imetajwa katika hotuba za SKA zaidi ya muongo mzima, na Tanzania na Uganda hazimo hata kwenye orodha ya washirika. Ushirika wa jina ndio ule ule wa setilaiti ya Uhuru, safari hii bila hata roketi.

Wapo watakaosema: basi zijengwe darubini hapa. Hoja hiyo ina mvuto, na mahali pake pa kwanza pa kupimwa ni Longonot. Kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilichoko huko, katika Bonde la Ufa, kilianza kazi mwaka uleule wa 1970, na kina dishi lenye kipenyo cha mita 32. Kisha ikaja mikongo ya chini ya bahari. SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, simu na intaneti zikahamia kwenye nyaya, na madishi makubwa yakakosa kazi karibu kila nchi ya Afrika. Wanafalaki waliona fursa: dishi la mawasiliano likibadilishwa vifaa vyake vya kupokea na mitambo ya kuligeuza, huwa darubini ya redio kwa gharama ndogo kuliko kujenga jipya. Ghana ilifanya hivyo Kuntunse, nje ya Accra, kwa msaada wa Afrika Kusini, na darubini yao ikazinduliwa Agosti 2017. Longonot ilikuwa kwenye mpango huohuo, na hadi sasa umebaki kuwa mpango.

Serikali ya Kenya inapaswa kuamua. Kama dishi lile litageuzwa, litengewe fedha na mwaka wa kumalizika utajwe. Kama halitageuzwa, lisitajwe tena kwenye mikutano, na fedha za mikutano hiyo zilipe watafiti. Kungoja nako kuna gharama, na wanaoilipa ni wanafunzi wa fizikia wanaohitimu kila mwaka wakiwa wameahidiwa darubini, kisha wanakwenda kuuza bima.

Mikongo ile iliyolinyima dishi kazi ndiyo inayoweza kuleta data ya dunia nzima hadi vyuoni. Mitandao ya kuunganisha vyuo vikuu tayari ipo: KENET nchini Kenya, TERNET Tanzania, RENU Uganda. Kwa miaka mingi imehangaikia barua pepe, mitihani na maktaba. Ikiunganishwa katika hifadhi moja ya data ya kisayansi ya ukanda huu, yenye seva za kutosha na watu wa kuzitunza, nchi tatu au nne zinaweza kumudu pamoja kile ambacho kila moja haikimudu peke yake. Hifadhi hiyo isingetunza data ya nyota pekee. Ya mvua, ya misitu na ya magonjwa ingehitaji mashine zilezile na ujuzi uleule.

Kuhusu ujuzi, ushahidi uko Serengeti. Mwaka 2007 wanafalaki wa Uingereza, wakiwa wamezidiwa na picha za galaksi takriban milioni moja zilizopigwa na mradi wa Sloan, waliwaomba watu wa kawaida wasaidie kuzipanga kwa maumbo. Maelfu walijitokeza, na mwalimu mmoja wa Uholanzi, Hanny van Arkel, akagundua wingu la gesi linalong'aa ambalo hakuna mtaalamu aliyekuwa ameliona. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mfumo wa Zooniverse, na mwishoni mwa mwaka 2012 mfumo huo ukapewa picha za kamera 225 zilizofungwa kwenye miti na nguzo ndani ya hifadhi ya Serengeti. Wananchi wa kujitolea wakahesabu nyumbu, simba na swala katika picha zaidi ya milioni moja, na picha hizo zilizokwisha kutambuliwa zikatumika baadaye kuifundisha kompyuta kutambua wanyama yenyewe. Njia iliyobuniwa kwa ajili ya galaksi ikawa nyenzo ya kuhesabu wanyama wa Tanzania. Anayemfundisha kijana kusoma picha za anga anamfundisha pia kusoma picha za mashamba, za mapafu na za mafuriko.

Kuna hofu moja ya kweli kuhusu data iliyo wazi, na wanaoipigia debe huipita haraka. Marekani ilipotoa mwongozo mwaka 2022 wa kufungua matokeo ya utafiti unaolipiwa na umma, uliibuka mjadala mkali kuhusu darubini ya James Webb: je, mwaka mmoja ambao mwombaji hupewa kutumia picha zake peke yake ufutwe? Waliopinga hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa vijana, mama wenye watoto wadogo, na walimu wa vyuo vidogo wanaofundisha vipindi vingi. Walisema kwamba data ikifunguliwa siku hiyohiyo, vyuo vyenye watafiti ishirini na kompyuta kubwa vitaandika makala ndani ya wiki moja, na aliyebuni swali atabaki mikono mitupu. Wana haki. Mtafiti wa Mbarara anayefundisha asubuhi na kusahihisha mitihani usiku hawezi kushindana kwa kasi na kundi la California.

Kwa hiyo dai la haki kwa nchi hizi lina sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Mitambo ya pamoja ya dunia ifungue data yake mapema, bila kuwatenga wale ambao nchi zao hazikuchangia fedha. Na mtafiti aliyeomba muda kutoka chuo kidogo apewe miezi ya kutosha kumaliza alichokianza. Huo ndio ujumbe ambao vyama vya wanafalaki wa Afrika vilipaswa kuubeba kwa sauti moja tangu mkutano mkuu wa chama cha kimataifa cha falaki ulipofanyika Cape Town Agosti 2024, mara ya kwanza kabisa barani Afrika.

Dai hilo linahitaji watu, na watu huandaliwa shuleni. Hapa kazi inafanyika zaidi ya inavyojulikana. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kimelea wanafunzi wa uzamili na uzamivu katika fizikia ya nyota. Mradi wa DARA, uliolipiwa na Uingereza, umefundisha vijana wa nchi nane washirika, wakiwemo Wakenya, misingi ya darubini za redio na uchambuzi wa data. Afrika Kusini tangu mwaka 2005 imetoa zaidi ya ufadhili 1,000 wa masomo katika nyanja hizi, na baadhi umewafikia vijana wa nchi nyingine za Afrika. Hata sekondari ya Carnarvon, mji mdogo ulio jirani na madishi ya Karoo, imesaidiwa kupata mwalimu wa hisabati na sayansi. Nchini Kenya, Susan Murabana na mwenzake Chu Owen wamezunguka na darubini hadi kwenye shule ambazo hazijawahi kuona lenzi. Nchini Tanzania, Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria ametumia miaka mingi kuwaeleza wananchi mambo ya anga.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete, na Rujewa, wilayani Mbarali, ikawa miongoni mwa mahali pazuri duniani pa kulitazama. Wanafunzi walisafiri, wazee walitoka nje, wanahabari walikuja. Tukio kama hilo huamsha hamu ambayo mwalimu hawezi kuinunua. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyesimama pale mwaka ule sasa ni mtu mzima wa miaka ishirini na zaidi, na hakuna njia iliyonyooka iliyowekwa ya kumfikisha kutoka uwanja wa Rujewa hadi kwenye meza ya utafiti. Baadhi walipenya kwa jitihada za familia zao au kwa ufadhili wa wageni. Taifa halijengwi kwa kupenya.

Darubini zenyewe hufa. Ile ya Arecibo, Puerto Rico, yenye kipenyo cha mita 305, ilianza kazi mwaka 1963, na asubuhi ya tarehe 1 Desemba 2020 jukwaa lake la tani 900 likaanguka na kulipasua dishi. Haikujengwa tena. Kilichookolewa ni data yake, iliyohamishiwa Texas, na watafiti bado wanaisoma. Mtu anayebishana kwamba nchi maskini haziwezi kumudu falaki hufikiria vyuma vya namna ile, na kuhusu vyuma ana hoja. Zahanati zisizo na dawa haziwezi kungoja. Lakini mshahara wa mtafiti mmoja, kompyuta yake na mstari wake wa intaneti ni gharama ambayo wizara yoyote ya elimu ya Afrika Mashariki inaimudu leo bila kuifunga zahanati hata moja.

Basi bajeti zitakaposomwa Juni ijayo Nairobi, Dodoma, Kampala na Kigali, wabunge wa kamati za elimu wasiulize ni lini darubini itajengwa. Waulize ni vyuo vingapi vya umma vina nafasi za kudumu, zenye mishahara, za watu wa kuisoma data ambayo tayari iko wazi. Waulize pia ni nani, kwa jina na kwa cheo, aliyetumwa kuomba ushiriki katika data ya Rubin na ya SKA kwa niaba ya nchi zao, na lini atarudi na jibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sekretarieti Arusha na baraza la vyuo vikuu Kampala. Barua ya pamoja ya maombi inaweza kuandikwa na ofisi hizo mbili kabla mwaka huu wa fedha haujaisha.